Jiwe la Tatu la Wariara

Jumapili moja ya mwezi wa tano, mwaka wa hamsini na sita, Joash Ogola alikuwa kwenye stesheni ya Elburgon akiteremsha baiskeli kutoka kwenye behewa la mizigo. Zilikuwa za wageni waliopanda gari la moshi asubuhi ile kutoka Nakuru. Alizikagua moja moja, akabonyeza magurudumu, akazungusha pedali, akapiga kengele kuona kama zinalia. Wageni wenyewe walisimama kando wakivuta soksi zao ndefu na kucheka kwa sauti ya watu walioshiba. Kazi ya Joash ilikuwa kuendesha nyuma yao wote, akiwa na pampu, viraka vya pancha na kikapu cha mikate alichokining'iniza kwenye usukani, mpaka wafike shambani kwa Bwana Thornby kunywa divai.

Kilichowavutia ni kwamba barabara ile haikuwa na gari hata moja. Ilikata msituni katikati ya mitarakwa, ikapita mahali ambapo mianzi imeinamiana juu ya kichwa, kisha ikatokea juani kwenye mizabibu. Ilikuwa imechimbwa na watu wa mbao, na malori yaliipanda bila shida hadi mwaka wa hamsini na tatu. Mwaka huo malori ya serikali yalikwenda kuzihamisha familia za Wakikuyu waliokuwa wakiishi na kulima pale juu. Yaliposhuka na watu wale, hakuna injini iliyokubali kupanda tena. Gari likifika kona ya kwanza baada ya geti la msitu, hunyamaza. Halitoi moshi wala halipigi kelele, hunyamaza tu. Mafundi walikuja, wakafungua plagi, wakazisafisha, wakazirudisha, wakalisukuma gari hadi chini, ambako liliwaka mara moja. Baada ya muda walichoka kuja.

Bwana Thornby hakuwa mtu wa kukubali hasara. Alisema basi hiyo itakuwa barabara ya baiskeli, akawaambia rafiki zake kwamba katika nchi nzima hakuna pengine mtu anapoweza kuendesha siku nzima bila kumeza vumbi la lori. Rafiki zake wakawaambia rafiki zao. Mizabibu yake akaihudumia kwa mikokoteni ya ng'ombe.

Zabibu, kwa kawaida, hazizai Elburgon. Baridi ni nyingi mno. Mwezi wa saba sakitu huanguka na asubuhi majani yote huwa meupe, na kufikia mchana yamekuwa meusi. Lakini katika shamba la Bwana Thornby kulikuwa na sehemu, duara hapa na duara pale, ambazo sakitu haikuzigusa. Kila duara lilikuwa na ukubwa wa nyumba. Udongo wake ulikuwa na vuguvugu, na aliyepita bila viatu aliujua mara moja. Palikuwa na nyumba pale kabla ya malori, na mioto ya nyumba zile, ambayo askari waliimwagia maji kwa haraka, ilikuwa haijazimika huko chini. Mizabibu iliyopandwa kwenye maduara hayo ilizaa mpaka ikahitaji kuegemezwa miti. Bwana Thornby alisema ni mbolea. Wafanyakazi walisema ndiyo, Bwana, ni mbolea.

Wafanyakazi hao nao walikuwa wageni, walioletwa kutoka magharibi kujaza nafasi za waliohamishwa. Joash na mkewe Eucabeth walitoka Alego mwaka wa hamsini na nne wakapewa chumba kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja nyuma ya mizabibu. Walikuja na mtoto wa kiume. Baridi ya kwanza ilimshika kifua, na hawakurudi naye nyumbani hata kumzika. Kisha akazaliwa Awuor, msichana, naye alianza kukohoa kabla hajajua kukaa.

Jumapili ile ya mwezi wa tano, walipovuka geti la msitu, baiskeli ya Joash ilikuwa nzito. Alifikiri ni grisi. Jioni alifungua gurudumu la nyuma, akatoa golori zote, akaziosha kwa mafuta ya taa, akazipaka grisi mpya. Jumapili iliyofuata alipovuka geti baiskeli ikawa nzito tena, tena palepale. Akashuka, akaigeuza miguu juu, akaanza kulegeza nati.

Askari wa geti alikuwa Mkipsigis mmoja aliyeitwa Kimaiyo, mtu wa maneno machache, mwenye koti la serikali lisilo na kifungo hata kimoja. Alimtazama Joash akihangaika, akamwonea huruma.

"Unafungua baiskeli bure," alisema. "Hiyo haina makosa. Umebeba mama."

"Mama gani?"

"Mama ya hapo juu. Alipanda hapa kwa geti hata ile Jumapili ingine. Sasa umemwangusha, amesimama nyuma yako anangoja."

Joash akageuka. Alikuwa mama wa makamo, amejifunga shuka la rangi ya udongo lililoloa pindoni, mikono ameikunja kwa baridi. Alikuwa anaitazama baiskeli iliyopinduliwa kwa subira ya mtu ambaye amewahi kungoja usafiri kwa muda mrefu zaidi ya huo.

"Nilimwitisha pasi," Kimaiyo aliendelea, maana alitaka ijulikane kwamba anafanya kazi yake. "Yake iliisha hiyo mwaka ya hamsini na tatu. Lakini yeye amekufa. Sheria inasema Mkikuyu asiingie msitu bila pasi. Ya mtu amekufa haijasema."

Joash akaisimamisha baiskeli, akaipanguza karia kwa mkono. Alikuwa amebeba watu tangu alipojua kuendesha, na kuna maneno ambayo mtu humwambia yeyote anayempakia, hata awe nani.

"Kaa vizuri, mama," alisema. "Usiweke mguu kwa spoku."

"Nimekaa," alisema yule mama.

Walipoingia kwenye mianzi Joash alitazama mbele na kuona kwamba wageni nao walikuwa wamebeba. Kila karia ilikuwa na mtu. Kulikuwa na mzee aliyekumbatia kigoda, na msichana mwenye kuku kwapani. Wageni walilalamika kwamba mapaja yanawaka moto ilhali barabara ni tambarare, wakakubaliana kwamba ni hewa ya milimani. Hakuna aliyegeuka nyuma. Walipotokea kwenye mizabibu abiria walishuka mmoja mmoja bila kuaga, kila mtu akaenda kwenye duara lake, akachuchumaa akinyoosha viganja juu ya udongo kama watu wanavyoota moto.

Yule mama peke yake hakuchuchumaa. Alibaki kando ya baiskeli.

"Wewe ndiyo umesema kaa vizuri," alimwambia Joash. "Hawa wengine hawasemi kitu. Sasa nitakwambia shida yangu."

Jina lake lilikuwa Wariara. Alifia kwenye kambi ya njiani, mwaka uleule wa malori. Binti yake Wangare alifika salama upande wa Nyeri, akajenga, akaolewa, akazaa. Lakini hapakuwa na moto katika nyumba ya Wangare. Kwao, Wariara alieleza, mwanamke akihama huhama na mafiga yake, yale mawe matatu ya jikoni. Huyatoa kwenye nyumba ya zamani, huyaweka kwenye nyumba mpya, ndipo moto unapojua umehama. Siku ya malori alikuwa amekwisha kuinama kuyachukua, askari akamwambia, "Mawe iko kila mahali, mama," naye akayaacha, kwa sababu yule askari alikuwa na haraka na bunduki.

"Wangare aliokota mawe ya mto," alisema Wariara. "Moto imekataa. Chungu inatoa moshi na maji iko baridi. Na sasa ako na msichana mdogo, amempatia jina langu. Mimi mwenyewe hiyo. Nataka mawe yangu tu."

Joash hakuona ubaya wowote katika ombi hilo. Kwao Alego pia jiko ni mawe matatu, na hakuna mwanamke ambaye angefurahi kuyaacha.

La kwanza walilipata siku ileile, limekandamizwa kwenye tako la nguzo ya mzabibu. La pili lilikuwa linazuia mlango wa ghala ya divai usijifunge, na wageni walikuwa wakilitumia kukalia wanapofunga kamba za viatu. Joash alilichukua Jumapili moja walipokuwa wanaimba. Kila mara Wariara alirudi hadi stesheni akiwa amelipakata jiwe mapajani, akapanda behewa la mizigo, na gadi hakumdai tikiti. Majirani wa Wangare, ilisemekana baadaye, waliliona kila jiwe lilipofika. Lilikuwa mlangoni asubuhi, bado lina joto.

Mwezi wa saba sakitu iliangukia duara la Wariara, sehemu mbili kwa tatu. Mizabibu ikawa myeusi. Bwana Thornby akaja na fimbo yake, akachimbachimba.

"Nani naharibu hii?" akauliza.

"Baridi, Bwana," akasema Joash.

"Hapana baridi hapa. Kama mimi naona mtu nagusa kitu ya shamba, yeye natoka laini siku ileile. Sikia?"

Joash alisikia. Aliogopa pia, maana hakuwa na mahali pengine. Hata hivyo alikuwa ameshaanza, na Wariara kwenye karia alikuwa mtu wa kuzungumza naye katika safari ambayo wengine wote walikuwa wanaongea lugha isiyomhusu. Alimwambia habari za mwanawe aliyezikwa nyuma ya laini. Wariara alimjua, akasema huwa anamwona akizunguka pale kwenye maduara. Habari hiyo ilimfurahisha Joash kwa majuma kadhaa.

"Bado moja," alisema Wariara. "Chungu kwa mawe mbili inainama. Uji inamwagika upande, moto inakufa. Hiyo ya tatu ina alama. Nilikuwa nanoa kisu hapo, ikafanya mfereji."

Joash alikuwa anapanda kilima kidogo alipoyasikia maneno hayo. Miguu yake iliendelea kuzunguka. Mfereji ule aliujua. Eucabeth naye alikuwa akinoa kisu pale.

Alikuwa amelileta mwenyewe, wiki aliyozaliwa Awuor. Alikuwa na mawe mawili mazuri na moja lililopasuka, akapita kwenye mizabibu, akaona jiwe limelala bure. Tangu lilipoingia jikoni, jiko lile halikupoa. Eucabeth angeweza kuondoa kuni zote akaenda kisimani, akarudi akakuta ugali bado unatoa mvuke. Alimlaza Awuor kando yake, mgongo ukielekea jiwe, na kile kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kikaanza kutulia. Wanawake wa laini walijua, wakawa wanaleta watoto wao waotee. Hakuna aliyeuliza moto unatoka wapi, kwa kuwa kila mtu alijua unatoka wapi.

Jioni ile Joash aliketi jikoni muda mrefu kabla ya kusema.

"Mama Awuor, hiyo jiwe iko na mwenyewe."

"Najua iko na mwenyewe," alisema Eucabeth. Alikuwa anachambua mboga na hakuinua kichwa. "Kila kitu hapa iko na mwenyewe. Hata hii nyumba. Wewe ulifikiri tulikuja kwa nchi haina watu?"

"Anaitaka."

"Mwambie hujaona."

"Nitamdanganya mtu amekufa?"

"Baba Awuor." Hapo akainua kichwa. "Mimi nilizika mtoto hapa. Sikuwa na jiwe. Sasa niko na jiwe, na mtoto anapumua. Ukitoa hiyo jiwe leo, kesho wewe ndiye utachimba."

Awuor alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono mmoja umelikumbatia lile jiwe. Joash alimpenda mtoto yule kwa hofu, namna mtu anavyompenda wa pili baada ya kumpoteza wa kwanza.

Jumapili alimwambia Wariara kwamba hajaliona. Karia ikalemea mara mbili. Tairi la nyuma lilibonyea hadi rimu ikagonga mawe ya barabara, na wageni waliokuwa mbele wakasimama kumuuliza kama amepata pancha. Alisema hapana, ni hewa. Aliposhuka hakuelekea kwenye duara lake bali alifuata njia ya laini, pindo la shuka likiacha mstari wa maji vumbini, na Joash akaachia baiskeli ianguke akamfuata.

Eucabeth alimwona mlangoni. Akapangusa kiti kwa upindo wa leso, akakisogeza.

"Karibu, mama. Kaa."

Wariara alikaa. Alipewa chai kwenye kikombe cha bati akaishika kwa mikono miwili, na chai haikupungua. Alilitazama jiwe lake, na mfereji wake, na kisu cha mwenzake kilichokuwa juu yake. Kisha akamtazama mtoto. Aliinama akaweka kiganja kwenye kifua cha Awuor, akasikiliza kwa mkono.

"Hii ni kifua," alisema.

"Ni kifua," alisema Eucabeth.

"Yangu ya Nyeri pia anakohoa."

Joash alisimama mlangoni na hakujua aangalie wapi. Kwa mbali wageni walikuwa wanagonganisha glasi. Eucabeth alikuwa analia, na hakuficha, wala hakusogea kutoka mbele ya jiko.

"Akipona nitakupatia," alisema. "Naapa kwa Mungu, mama. Huyu akipona tu."

Wariara alifikiri. Mtu mwingine angelichukua, maana lilikuwa lake, na hakuna kufuli inayomzuia mtu kama yeye. Lakini alikuwa amepika juu ya jiwe lile kwa ajili ya watoto, na mbele ya jiwe lile alikuwa mtoto.

"Akipona nitakuja," alisema. Akarudisha kikombe kimejaa.

Karibu miaka miwili hakuonekana. Baiskeli ya Joash ilikuwa nyepesi msituni, akaona aibu kwa wepesi huo. Wageni walizidi. Bwana Thornby aliongeza mabenchi chini ya mitarakwa ili watu wakae watazame bonde, na picha ya mizabibu yake ikaning'inizwa kwenye baa moja ya Nakuru. Wale wengine waliendelea kupakiwa na kushushwa, wakiota moto wao kila Jumapili katikati ya mashada ya zabibu.

Awuor akapona. Kufikia mwezi wa tano wa mwaka wa hamsini na nane alikuwa anakimbiza kuku nyuma ya laini, na kifua chake kilikuwa kimya kabisa. Eucabeth alimtazama akikimbia akafurahi, kisha akaacha kufurahi, maana hakuwa amesahau.

Jumapili iliyofuata, getini, baiskeli ilikuwa nzito. Joash akasema kaa vizuri, mama, kabla hata ya kugeuka. Kisha akagundua kwamba uzito haukuwa nyuma peke yake. Usukani nao ulikuwa unavuta. Kwenye bomba la mbele, mbele ya magoti yake, alikuwa ameketi msichana wa miaka miwili hivi, amefungwa shuka dogo, anaishika kengele kwa vidole viwili.

"Huyu ni nani?" aliuliza Joash, ingawa alijua.

"Wariara," alisema Wariara. "Ya Wangare. Alikuja kwetu mwezi wa pili. Kifua."

Kimaiyo aliinua kizuizi cha geti, akavua kofia. Walikwenda polepole. Mtoto alipiga kengele njia nzima, na wageni walioko mbele walidhani Joash anawahimiza, wakakaza mwendo. Joash alilia kwenye mianzi, mahali ambapo kuna giza, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Walipofika laini Eucabeth alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameuona msafara kutoka mbali na alikuwa amepangusa kiti. Awuor alipita mbio akamwona yule mtoto mwingine, akampa gunzi la mahindi alilokuwa anachezea, na wote wawili wakachuchumaa kwenye vumbi.

Wariara hakukaa. Alimtazama Awuor, kifua chake, miguu yake iliyojaa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akamtazama Eucabeth, na macho yake yakashuka mpaka kwenye fundo la leso, ambalo Eucabeth alikuwa ameanza kulifunga juu zaidi, juu ya tumbo.



"Lini?" aliuliza Wariara.

"Mwezi wa saba," alisema Eucabeth. Ilikuwa sauti ndogo. "Mama, mwezi wa saba ndiyo ile ya sakitu."

"Naijua," alisema Wariara. "Niliishi hapa."

Alimwita mjukuu wake. Mtoto akaweka gunzi chini, akaja, akainua mikono apakiwe. Joash alimweka kwenye bomba. Kisha akafungua pampu akajaza gurudumu la mbele, kwa kuwa sasa nalo lilikuwa na mzigo na lingekuwa nao kila Jumapili, akajaza na la nyuma. Wageni walikuwa tayari wamepanda, wanamwita wasichelewe gari la moshi.

"Kaa vizuri, mama," alisema.

"Nimekaa."

Jikoni Eucabeth alisubiri mpaka mlio wa kengele ukapotelea msituni. Halafu akateka maji, akapima unga, akakitenga chungu cha uji juu ya mafiga, na chungu hakikuinama upande wowote.